Maana Nyingi za Mnyonya Damu

4 Februari

Mpwa wangu Mdadisi,

Najua umeshaniamkia kabla ya kufika mstari huu, basi marahaba. Sisi hapa wazima. Mama yako magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anatembea kuliko mimi. Tumepaka rangi sebule. Yeye alichagua, mimi nikapaka, kisha akachagua upya. Jirani yetu fundi redio hatimaye ameoa, mwanamke mrefu mwenye kicheko kinachosikika hadi jikoni kwetu, na tangu siku hiyo hata redio za wateja anazirudisha kwa wakati.

Utaniuliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu ni mbovu. Tena barua ndiyo njia yetu mimi na wewe tangu ulipokuwa shule ya bweni ukiniandikia kwamba maharage yana mawe.

Sasa nikwambie lililonileta. Unajua maisha yangu ya jukwaani. Nimekuwa baba wa bibi harusi, nimekuwa askari wa pili, hakimu asiye na jina, na kwa miaka mingi sauti ya radi nyuma ya pazia. Redioni nilikuwa kila mtu kwa sababu hakuna aliyeniona. Ndiyo maana hadi leo mtaani ni Sauti, wala hawaulizi sura. Basi mwezi uliopita jumba la michezo limepata mwongozaji mpya, mwanamke kijana aliyesomea kazi hiyo. Tumemwita Bi Tena, kwa kuwa ukimaliza kusema jambo lolote, hata salamu, anasema, "Tena." Ameandika mchezo wake mwenyewe. Mnyonya damu anafika kwenye nyumba ya mjane mwenye binti anayekaribia kuolewa, anaomba chumba. Na huyo mnyonya damu ni mimi. Si mtumishi wake. Si mtu wa kumfungulia jeneza. Mimi.

Bi Tena ameniambia nisishike maneno kwanza, nitafute maana ya huyu mtu. Nikamwambia nina mpwa ng'ambo, chuo kikuu, mwaka wa tano anasomea maana ya huyu mtu. Alinitazama kama nimemtania. Nisimlaumu, maana mama yako naye huwaambia watu kwamba unasomea udaktari wa damu. Si uongo kamili. Ni udaktari, na damu imo. Lakini wiki iliyopita mke wa mwenye duka la mikate alikuja na majibu yake ya vipimo akitaka nikutumie.

Basi nieleze. Wataalamu wanasema anataka nini? Usinijibu damu. Hilo nalijua.

Ni mimi mjomba wako, kwa mara ya kwanza mwenye jina kubwa kwenye tangazo.


12 Machi

Mjomba Sauti,

Shikamoo, na hongera ambazo nimezisema kwa sauti hapa chumbani hadi mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi mzima. Baridi inaondoka taratibu kama mgeni anayeaga mlangoni. Tasnifu inaendelea. Mwambie fundi redio nimemtakia heri.

Mama alinipigia Jumapili, kwa simu yako. Kwa simu mbovu ilisikika vizuri sana.

Sasa mnyonya damu. Mjomba, umeuliza swali ambalo watu wamelila kama mkate kwa zaidi ya miaka mia, na wengi wamenenepa. Wako wanaosema ni tajiri wa kale, mwenye shamba na ngome, anayeishi kwa jasho la watu wake mpaka akaonekana kuishi kwa damu yao. Hao huwa na hasira, na huandika vizuri. Wako wanaosema ni maradhi. Ukisoma riwaya za zamani utaona anafika pamoja na panya na homa, na watu wanapungua nyumba kwa nyumba. Wanaochunguza tamthilia wana habari ya kuchekesha zaidi. Wanasema katika hadithi za vijijini alikuwa maiti mchafu aliyevimba, na kwamba ni jukwaa lililomvalisha koti refu na adabu za sebuleni, kwa sababu mtazamaji aliyelipa kiti hataki kunusa uvundo. Filamu ikaja ikampa uzuri. Kila kizazi cha filamu kimempunguza uozo na kumwongezea nywele.

Halafu kuna wanaosema ni tamaa, ile isiyosemwa mezani. Hawa ndio wengi zaidi kwenye mikutano, na huwa wanakaa kwa adabu sana.

Na kuna wanahistoria ambao hawajali vitabu kabisa. Wanachukua uvumi. Unakumbuka mlivyotutisha utotoni kwamba tukizurura tutachukuliwa na mumiani? Wao wanasema uvumi ule haukuwa upuuzi wa watu wasiosoma. Ilikuwa njia ya watu kusema kwamba wapo wanaochukua nguvu zao na hawajui zinapelekwa wapi.

Msimamizi wangu, profesa, ana yake: mnyonya damu hana maana, ni chombo kitupu, kila mmoja anamwaga hofu yake humo. Ni nadharia nzuri. Ukiwa nayo huhitaji kusoma za wengine.

Chagua moja, Mjomba, uicheze. Usizicheze zote.

Mpwa wako anayejivuna.


20 Aprili

Mdadisi wangu,

Marahaba tena. Tuko wazima, mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja mahali pale pale ulipoliacha. Na habari kubwa ya mtaa, fundi redio ameoa. Mwanamke mrefu, mwenye kicheko. Huwezi kuamini yule mtu alivyobadilika.

Nilizicheza zote.

Nilianza na tajiri. Niliingia kwenye mazoezi nikipapasa kuta kwa kidole, nikatazama vumbi, nikamwangalia mjane kama ninayehesabu vyumba. Wenzangu wakacheka. Bi Tena akasema, "Sauti, wewe ni mnyonya damu au ni mkaguzi wa manispaa?" Kesho yake nikaleta maradhi. Nilikohoa. Yule anayecheza mjane akasogea nyuma, si kwa kuigiza, na alipotoka akanawa mikono. Tamaa sikuifikia mbali. Anayecheza binti ni karani wa benki, ana miaka sawa na yako, nilimtazama mara moja kwa macho ya tamaa akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni.

Basi nikakaa nikafikiri. Katika mchezo huyu mtu hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Siku iliyofuata sikuleta maana yoyote. Nilisimama tu mlangoni na sanduku langu, koti limelowa, kama mtu aliyeshuka mahali asipopajua, nikangoja waniambie karibu. Nilingoja sana. Karani aliponiambia "Karibu," alinyoosha mkono kunipokea sanduku. Bi Tena kwa mara ya kwanza hakusema, "Tena."

Hii ya kukaribishwa inanisumbua. Mtu mwenye nguvu za watu ishirini, anapasua milango ya makaburi, kwa nini asimame mlangoni kama mwombaji? Waulize wataalamu wako.

Meno yapo tayari. Fundi wa meno aliyabandika kwenye meno yangu ya bandia, kwa hiyo siku za mazoezi lazima nichague kati ya kutisha na kula. Mama yako alinikuta nayo mezani akasema nikiyasahau mdomoni siku ya kanisani nisimjue.

Wako katika koti lililolowa.


29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nakula. Mwambie Mama nakula.

Kuhusu mlango, wataalamu wamegawanyika, maana ndiyo kazi yao. Wako wanaosema ni kumbukumbu ya sheria za ukarimu: mwenye nyumba akishakukaribisha amekubali lolote utakalomfanyia, na wewe umekubali lolote utakalopewa. Mwanamama mmoja ninayempenda sana, ingawa anaandika kama anayepasua kuni, anasema hadithi inatupa faraja kwa ujanja: inatuambia baya haliingii mpaka tuseme ndiyo, na kwa hiyo aliyeumwa alitaka. Anasema ndiyo sehemu katili kuliko zote, kuliko meno. Profesa anasema aliye mlangoni ni msomaji. Nilimuuliza msomaji anaingia wapi. Akasema, "Andika ukurasa juu ya hilo."

Mimi sina la kuongeza, na hilo ndilo nililotaka kukuambia kwa mzunguko. Mwaka huu ufadhili wangu uliisha na haukuongezwa. Jopo lilisema kazi yangu imekusanya tafsiri za wengine vizuri mno, ila ya kwangu haionekani. Wamenipa hadi mwisho wa mwaka. Mchana nafanya kazi kwenye kituo cha watu wanaojitolea damu. Sichomi sindano mimi. Nakaa kwenye meza ya mwisho, nawapa chai na biskuti, nawaangalia wasizimie. Usimwambie Mama. Atasema alijua.

Nikwambie nililoliona pale. Watu wanakuja wenyewe. Dereva wa basi huja akiwa bado na sare, analala, anatoa, anakunywa chai, anauliza kama ilikwenda vizuri. Sijawahi kusoma ukurasa hata mmoja unaouliza anayetolewa damu anawaza nini.

Habari za fundi redio nimezipata mara mbili na nimefurahi mara mbili. Mjomba, maneno ya mchezo yanakaa kichwani?

Ni mimi, kwenye meza ya biskuti.


2 Julai

Mpwa wangu,

Tuko wazima. Mama yako mzima. Mvua imekatika.

Maneno yangu usiyaulizie. Nilishika mchezo wa saa tatu bila karatasi wakati wewe hujazaliwa. Naona kazi ya kuangalia watu wasizimie imekuingia damuni.

Pole kwa jopo. Wamekosea.

Mjomba wako.


3 Julai

Mpwa wangu,

Barua ya jana niliipeleka posta, na nilipotoka pale nilisimama barabarani sikujua nyumbani ni kulia au kushoto. Ilikuwa ni mchana, jua kali, watu wananisalimia kwa jina. Nikajifanya nasoma tangazo la mchezo ukutani, lenye picha yangu, mpaka njia ikanirudia.

Simu si mbovu. Ninapoongea kwa simu, mtu wa upande wa pili husikia ninapotafuta neno. Kwenye barua naweza kulitafuta hata nusu saa na wewe usijue. Ndivyo nilivyokuwa nadhani, mpaka fundi redio akaoa mara mbili.

Sehemu ya kwanza ya mchezo ninayo. Ya tatu ninayo. Ya pili, ile ambapo binti ananiuliza natafuta nini na mimi nasema hotuba yangu ndefu juu ya ngome yangu, ukoo wangu na miaka yote niliyoishi, inakuja siku moja na kukataa siku mbili. Sasa unajua kwa nini nilikuuliza maana. Nilifikiri nikiijua maana, hata maneno yakikimbia naweza kusema mengine ya maana ileile. Ukaniletea sita.

Mama yako hajui. Bi Tena hajui. Nikimwambia atampa nafasi yule mwalimu wa hesabu anayecheza padri, na yule mtu hata mlango hajui kuufunga.

Usije. Usipige simu.

Sauti.


18 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, na aliyekuwa anakunywa chai mbele yangu ndiye aliyeniuliza kama nataka kukaa chini.

Sitakuja, kwa kuwa umekataza na kwa kuwa nauli sina, sijui ipi imenizuia zaidi. Lakini nakuomba mambo mawili. Mwone daktari. Na mwambie Bi Tena aweke mtu pembeni mwa jukwaa wa kukunong'onezea. Hakuna aibu. Waigizaji wakubwa wote wameshanong'onezewa.

Mama nimemficha. Aliniuliza, "Mjomba wako ana nini siku hizi?" Nikasema ni mchezo, umemwingia. Akanyamaza. Unajua yeye akinyamaza huwa hajaridhika.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mdadisi.


30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sijapata kitu kutoka kwako. Mama anasema mchezo unafunguliwa Ijumaa hii na kwamba ameshona gauni. Anasema uko vizuri, na anasema kwa haraka mno.

Sikuulizi kitu. Nakuandikia tu ujue nipo.

Mdadisi.


9 Septemba

Mdadisi wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili ziko hapa mezani, nimezisoma mara nyingi, na si kwa kusahau. Sikujibu kwa sababu nilikuwa sijafanya uliyoniomba. Daktari sikumwona. Bi Tena sikumwambia. Sasa nikueleze Ijumaa, mapema, kabla haijakufikia kwa mdomo wa mama yako.

Jumba lilijaa. Mama yako alikaa safu ya pili na gauni lake jipya. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, nilipotabasamu meno yalionekana hadi nyuma na mtu mmoja akasema "Ala," kwa heshima. Ikaja ya pili. Nasimama mlangoni, karani ananikaribisha, naingia, ananiuliza, "Unatafuta nini katika nyumba hii?"

Nikafungua mdomo.

Mpwa wangu, nimewahi kusahau neno. Kila mwigizaji amewahi. Neno likipotea unaona pengo lake, kama jino. Safari hii sikuona pengo. Sikujua kama kuna kitu ninapaswa kusema. Niliona ukuta wa mbao uliopakwa rangi, taa kali, na binti mzuri ananitazama. Nikaona aibu ya kuwa ndani ya nyumba ya watu bila sababu. Nikamwambia, "Samahani, binti. Hapa ni kwa nani?"

Hayo hayamo kwenye mchezo. Alijua, nikaona macho yake yanajua. Akasema taratibu, "Ni kwetu."

"Na mimi?"

"Wewe ni mgeni wetu. Kaa."

Nikakaa. Yule binti, ambaye mchana kutwa anagonga mihuri, akapiga magoti mbele yangu akaanza kunipa hotuba yangu mwenyewe kipande kipande, kwa kuuliza. "Si ulituambia umetoka mbali?" Nikasema, nimetoka mbali. "Si ulikuwa na nyumba kubwa?" Nikasema, ilikuwa kubwa. "Na watu wako?" Nikasema, walikuwepo. "Umeishi miaka mingi sana." Nikasema, mingi mno, binti, siwezi kuishika yote. Akanishika mkono, akasema, "Basi pumzika." Pazia likashuka. Ikaja shangwe ambayo sijawahi kupigiwa.

Sehemu ya tatu nilisema yote, neno kwa neno. Mpaka sasa sielewi.

Nyuma ya jukwaa Bi Tena alikuwa analia. Akanikumbatia akasema, "Sauti, umelivunja lile andiko langu ukalifanya liishi. Kesho hivyohivyo. Tena."

Kesho yake nilikumbuka kila kitu. Hotuba nzima, mpaka nukta. Watu walipiga makofi ya adabu, na Bi Tena akanivuta pembeni akaniambia nimerudi nyuma, jana nilikuwa na kina. Jumapili nikajaribu kusahau kwa makusudi. Nimeigiza miaka arobaini, mpwa wangu, na sijawahi kuigiza vibaya kama vile. Karani alinitazama kwa huruma.

Mama yako Ijumaa ile alitembea nami njia nzima. Alinishika mkono, yeye mwenye magoti. Tulipofika mlangoni akasema, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akaenda kuchemsha maji.

Gazeti limeandika. Nakuwekea kipande. Mhakiki wao anasema "ukimya wa Sauti katika sehemu ya pili ni tafsiri mpya na ya kijasiri: mnyonya damu si njaa tena, ni uzee wa historia uliochoka kujikumbuka." Nimesoma mara tatu. Ni kweli inapendeza.

Sauti, aliyechoka kujikumbuka.


10 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu nimefanya jambo, na nataka uone nilivyolifanya kabla hujanihukumu.

Profesa aliniita kuuliza nimefikia wapi. Nilikuwa na kile kipande cha gazeti ndani ya daftari kikaanguka. Akaniuliza ni lugha gani hiyo. Nikamtafsiria. Mjomba, sijawahi kumwona mtu yule akisimama kwa sababu ya jambo nililosema. Akasema ndicho nilichokuwa nimekosa, onyesho hai, nje ya zile filamu na riwaya ambazo kila mtu ameshazitafuna. Ndani ya robo saa alikuwa ameshalitungia jina: mnyonya damu kama kumbukumbu inayojila. Akaniambia nimwandikie sura nzima, na kwamba jopo halitaweza kukataa. Akaniuliza kama namjua mwigizaji.

Nikasema simjui.

Nilitoka nikatembea. Miaka mitano nimekuwa nikisema damu ni ishara ya kitu kingine. Ni mali, ni homa, ni hamu, ni woga wa mgeni. Kila kitu ila damu. Na sasa naambiwa kusahau kwako ni ishara. Nilipofika kituoni nilimhudumia mwanamke aliyekuwa amekuja kwa sababu mumewe aliongezewa damu mwaka jana. Nilitaka kumkumbatia kwa kuwa hakuwa na maana nyingine.

Kesho yake nilimwambia profesa siandiki sura hiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema mwigizaji yule ni mjomba wangu, na hakutafsiri kitu, alisahau. Akafikiri kidogo akasema, "Mtunzi hana mamlaka juu ya maana ya kazi yake." Nikasema huyu si mtunzi, ni mjomba.

Kwa hiyo sina sura, na labda sina shahada. Sijuti sana. Mama ameniambia amekuandikisha kwa daktari. Nenda naye, tafadhali.

Mdadisi wako.


5 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Hii anaandika mama yako, mimi nasema. Mkono wangu mzima, ila amesema barua zangu zinachukua siku nzima na chai inapoa.

Tulikwenda. Daktari ni kijana mpole. Alinitaka nichore saa nikachora, mishale ikanishinda. Alinitaka nitaje wanyama, nikataja wengi, akasema nimemtaja mbuzi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kisha akataja jina la ugonjwa. Ni jina refu. Nimemwomba mama yako aliandike hapa, amekataa, anasema halitaingia kwa mwandiko wake. Dawa zipo, za kuchelewesha. Daktari hakuficha.

Bi Tena nimemwambia mwenyewe. Alikaa chini kwenye ngazi za jukwaa akaniomba radhi kwa ajili ya kina. Mchezo umebaki na mimi mpaka mwisho wa msimu, na karani anakaa karibu. Siku ninayokumbuka, nasema. Siku nisiyokumbuka, ananiuliza. Watu wanakuja siku zote mbili. Mwalimu wa hesabu amebaki padri.

Sasa kuhusu wewe. Ulikuwa na haki ya kukataa, nimefurahi mpaka nikamsomea mama yako. Lakini nimefikiri. Andika hiyo sura. Andika kwamba kuna mzee alisimama mlangoni akasahau alichojia, na karani wa benki akamkaribisha akamwambia akae. Andika wataalamu walisema nini, gazeti lilisema nini, na yeye mwenyewe alisema nini. Yote. Usifiche jina la ugonjwa; mama yako atakutajia kwa simu, waandikie. Nataka lile tukio liwe limewekwa mahali na mtu aliyenijua, kwa sababu mimi sitaweza kulitunza. Wakitaka maana baada ya hapo, waitafute wenyewe, wana muda.

(Mimi mama yako naongeza: hakusema mzee, alisema mtu mzima. Na kuhusu kituo cha damu, nilijua tangu Juni. Sauti ya biskuti ilisikika kwenye simu.)

Ameongeza nini hapo, hataki kunisomea.

Sauti, kwa mkono wa dada yake.


14 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Mama shikamoo, maana najua ni wewe unayesoma.

Sura niliandika kwa wiki tatu, kila siku baada ya kazi, kama mtu anayekimbizwa. Sikusema inamaanisha nini. Nilieleza mlango, swali la karani, majibu yako, na gauni la Mama safu ya pili. Nikaandika kwamba tumeuliza sana mnyonya damu anataka nini, na hatujauliza kinachompata aliyemkaribisha, ambaye baada ya yote lazima akae naye.

Jopo lilikutana juzi. Watu watatu, meza ndefu, maji ya chupa. Mmoja wao aliuliza, "Unajuaje kwamba mwigizaji alisahau kweli, na haikuwa mbinu?" Nikasema ameniandikia mwenyewe. Akaandika kitu, kisha akasema kwa upole kwamba katika hali yake shahidi huyo hawezi kutegemewa. Nikamwambia ni kweli, na kwamba ndiye pekee aliyekuwepo ndani ya kusahau huko. Profesa alitazama dirishani. Walinitoa nje nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nikanywa maji ya mtu mwingine bila kujua. Waliponirudisha waliniambia nimefaulu, kwa masharti ya kupunguza sura ya mwisho. Ina hisia, walisema. Nitaipunguza ile ya kwanza.

Sikungoja sherehe. Kituoni wamenipa pakiti mbili za biskuti na kadi iliyosainiwa na watu nisiowajua wote. Profesa ameniuliza nitaendelea na utafiti gani. Nimemwambia nina kazi nyumbani, haina kichwa cha habari.

Mama ameniambia asubuhi ndizo nzuri, na jioni zimekuwa ngumu, na kwamba wiki iliyopita ulimuuliza yeye ni mke wa nani. Ameniambia bila kulia, kwa hiyo na mimi nasoma bila kulia. Ameniambia pia mchezo umefungwa, na usiku wa mwisho karani alikusindikiza hadi nyumbani mkiwa mnaimba.

Nafika Jumamosi. Msije kunipokea, njia naijua. Kama nitakuta umelala, Mama asikuamshe. Nitavuta kiti nikae karibu mpaka uamke mwenyewe, halafu nitakuambia mimi ni nani.

Mpwa wako.